Ng'ombe wa Bibi Aliyelala Stesheni

Mdogo wangu Yohana anasema mtu wa miaka kumi na saba hana ruhusa ya kusema "enzi zetu." Anasema hayo ni maneno ya watu wenye mvi na magoti yanayolia. Basi na aseme. Yeye hajawahi kucheza ndani ya tumbo la injini, na hata akitaka sasa hawezi tena, kwa hiyo zile zilikuwa enzi zetu na hizi ni zake. Mpaka wetu ni siku ile injini ilipoondoka Dodoma. Nawaandikia nyinyi mliokua nami kwenye kota za reli, nyinyi ambao mkinusa grisi na kuni mbichi zinazoungua bado mnageuka kutazama nyuma.

Mnaikumbuka. Ilisimama kwenye reli ya pembeni, nyuma ya ghala la karanga, nyeusi, imeliwa na kutu, majani yameota kati ya magurudumu yake. Mjerumani aliileta kabla ya vita, Mwingereza akaikuta, akaitumia mpaka alipoletewa nyingine, akaisukuma kando. Sisi tuliiita Bi Kongwe. Asubuhi ilikuwa meli, mchana ilikuwa kanisa, jioni ilikuwa gereza. Wavulana walikuwa madereva siku zote. Wasichana tulikuwa abiria, na kazi ya abiria ni kukaa kimya, kazi iliyonifaa sana mimi, maana hata leo nikiulizwa jina langu mbele ya watu watatu nalisahau. Tulimung'unya ubuyu humo ndani na kutemea mbegu kwenye tanuri lake. Mama alijua nilikokuwa kwa kutazama gauni tu.

"Umetoka tena kwenye chuma cha watu," alikuwa akisema. "Kutu haitoki. Gauni hili utaolewa nalo."

Hatukuwa na mengi, na hatukujua kwamba hatukuwa na mengi. Upepo wa Dodoma ulitutia vumbi mpaka kwenye meno. Usiku tulikula ugali wa uwele na mlenda, na aliyevuta mlenda vibaya ukamdondokea kifuani alichekwa mpaka kesho yake. Maji yalikuwa ya shida. Treni iliposimama stesheni, akina mama wa kota walipanga ndoo na mabirika kando ya injini kumwomba dereva maji ya moto, na ndiyo yaliyopikiwa chai. Chai ya kota zote ilikuwa na harufu ya kutu. Tulidhani ndiyo harufu ya chai. Watoto wa siku hizi kutu ikinukia kidogo tu kikombeni wanakunja pua kama wajukuu wa Gavana.

Siku moja zikaja habari kwamba Bi Kongwe itakatwa vipande, ipelekwe ikayeyushwe.

Watu wawili hawakulala vizuri. Wa kwanza alikuwa Bwana Kanji, mwenye duka la nguo karibu na stesheni, ambaye aliingia Dodoma akiwa mtoto mchanga mapajani mwa mama yake, kwenye behewa lililovutwa na injini hiyo hiyo. Wa pili alikuwa baba yangu. Baba ni Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja Dodoma na reli, akaoa Mgogo, akabaki. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa injini, na kazi hiyo alifundishwa juu ya Bi Kongwe. Wawili hao walikwenda kwa Mzungu mhandisi wa reli. Mzungu akawaambia boila imeoza mabomba, na yeye hatatoa hata shilingi ya kutengeneza kikongwe. Ila kama wao wanakipenda kiasi hicho, wachange wenyewe. Mabomba yakipatikana, injini itabaki Dodoma, itapanga mabehewa na kuvuta tangi la maji kwenda stesheni ndogo za ukame.

Ndipo mchango ulipoanza, na nadhani sijaona tena Dodoma ikiwa na kelele namna ile. Akina mama wa Kihindi walikaanga jalebi na vitu vya dengu kwenye baraza la Bwana Kanji, nasi tukasimama upande upepo unakoelekea ili tushibe harufu. Kanisani sadaka ya mavuno ya Jumapili nzima ilikwenda kwenye boila, na mchungaji akalazimika kueleza kwamba Mungu hana kinyongo na injini. Wanawake wa Kigogo wa vijijini walikuja na ngoma zao za muheme, wakazibana katikati ya mapaja, wakapiga uwanjani mbele ya stesheni mpaka abiria wa treni ya Kigoma wakateremka kuangalia, wakatupa chochote. Wazungu nao walitoa, ila walitaka kwanza waonyeshwe kwamba wengine wametoa.

Kisha akaja bibi yangu, mzaa mama, kutoka kijijini nyuma ya kilima cha mawe, akiswaga mtamba mwekundu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nyinyi mnalijua lakini akina Yohana hawalijui tena. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani. Hawakuketi pamoja, hawakula pamoja, hawakusemeshana. Bibi akija kwetu, baba alitokea mlango wa uani. Kama neno lilikuwa la lazima, kila mmoja alimpa mgongo mwenzake, na mtu wa katikati akalibeba. Mtu wa katikati nilikuwa mimi. Mama alikataa kazi hiyo kwa kuwa alidai wote wawili wanamsingizia. Mimi nilikuwa mwenye aibu kuliko watoto wote wa kota, na kwa hiyo, walisema, nisingeongeza neno langu.

Basi bibi akasimama nyuma ya ghala la karanga, kaniki yake imejaa vumbi, kamba ya ng'ombe mkononi. Baba akasimama upande wa pili wa injini.

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "mwambie baba yako mtamba huyu hapa. Ni uzao wa yule niliyepewa mama yako alipoolewa. Sina mwingine."

Nikazunguka injini nikamwambia baba, ingawa alikuwa amesikia kila kitu.

"Mwambie mkwe wangu tumempokea kwa mikono miwili," baba alisema.

Nikazunguka tena. Bibi akatikisa kichwa, akaokota msumari wa reli uliotupwa, akaniuliza ni wapi kwenye injini pasipopata moto mkali. Nikamwonyesha bati la ubavuni, chini ya dirisha la dereva. Akapanda juu ya jiwe, akakwaruza mistari mitatu ya kusimama na mmoja wa kuikata. Ilikuwa alama ya masikio ya ng'ombe wa kwao. Bwana Kanji aliyekuwa amekuja kushuhudia akapiga makofi, akidhani ni baraka. Baba naye alidhani ni baraka. Mtamba akapelekwa mnadani, bei yake ikaenda kwenye mabomba.

Mafundi walipomaliza na moto ukawashwa, shule ilifungwa kwa siku hiyo. Bi Kongwe ilikohoa, ikatema majivu na, naapa, mbegu za ubuyu. Kisha ikapiga filimbi. Mbuzi wote wa mji walikimbia upande mmoja. Bwana Kanji alilia waziwazi bila kujifuta. Baba alikuwa juu, uso mweusi kwa masizi, meno nje, na sikumwona tena na furaha ya namna ile mpaka leo.

Tangu hapo bibi alianza kuja mjini mara kwa mara. Alisema anafuata chumvi. Lakini kabla ya chumvi alipita nyuma ya ghala la karanga.

"Mbukwa," aliisalimu injini.

Aliizunguka. Aliangalia taa zake kama mtu anavyoangalia macho ya mnyama. Aliweka kiganja kwenye boila, akasubiri. Kisha aliniuliza, "Anakunywa vizuri?"

"Anakunywa, bibi."

"Na kuni anakula?"

"Sana."

"Mbona amekonda huku nyuma?"

Wapagazi walikuwa wakianguka kwa kicheko. Mimi nilitazama chini. Nilipenda ardhi ipasuke inimeze, halafu nilipenda bibi aje tena.

Siku moja mezani baba aliuliza mama mkwe wake anatafuta nini kwenye injini. Aliuliza kwa mzaha. Mama alimjibu akimega ugali.

"Anamtazama ng'ombe wake."

"Ng'ombe si aliuzwa?"

"Mliuza nyinyi. Yeye alimlaza kwenu." Mama akaeleza taratibu, kama anavyoeleza mtu aliyezaliwa ndani ya jambo na hakuwahi kufikiri kwamba lingehitaji kuelezwa. Ng'ombe anayelala zizi la mtu mwingine bado ni wa mwenyewe. Mwenye zizi anakunywa maziwa na kuzoa samadi. Mwenyewe anakuja kumwona apendavyo. Akihamishwa, mwenyewe aambiwe. Akifa, ngozi ipelekwe kwa mwenyewe, aone alama, ajue hakuuzwa kwa siri.

"Na ngozi isipopelekwa?" baba aliuliza.

"Basi aliyempokea ni mwizi. Yeye na wanawe."

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kwa hiyo injini ya Serikali ni ya mama yako, na Mzungu anakamua tu!" Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mama hakuwa anacheka. Kwao Tabora mchango ukitoka mkononi umekwisha, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali usipokwisha.

"Nani atamwambia sivyo?" aliuliza.

"Si mimi," mama alisema.

"Wala si mimi."

Wote wawili wakanitazama. Mimi nikatazama mlenda. Bibi hakuambiwa.

Bi Kongwe ilifanya kazi misimu kadhaa. Ilipanga mabehewa ya karanga, ilivuta tangi la maji, na saa zetu zote zilikuwa filimbi yake. Filimbi ya asubuhi, amka. Filimbi ya pili, kama hujafika shule viboko vinakungoja. Yohana siku hizi ana saa ya mkononi aliyopewa na mjomba, na anachelewa kila siku.

Halafu ikatoka amri: injini ipelekwe pwani, ikafanye kazi bandarini. Wengine walinong'ona kwamba huko injini kongwe hazifanyi kazi, zinakwenda kufa. Amri ilifika leo, safari kesho. Hakuna aliyepeleka habari nyuma ya kilima cha mawe. Lakini kesho yake ndipo bibi alipokuja kufuata chumvi.

Alikuta Bi Kongwe imeshawashwa, imefungiwa mabehewa mawili matupu, imeelekezwa mashariki. Akamuuliza mpagazi anapelekwa wapi.

"Dar es Salaam, bibi. Hiyo hairudi."

Bibi alitua kibuyu chake, akakunja kaniki, akaketi juu ya reli mbele ya injini. Akanyoosha miguu. Akatoa ugoro.

Baba alikuwa juu, koleo mkononi. Alipomwona mkwewe ameketi pale, uso kwa uso, alitupa koleo akajificha nyuma ya rundo la kuni. Dereva, Singasinga mmoja aliyefunga ndevu zake kwa wavu, akabaki peke yake anauliza watu wote wameingiwa na nini.

Stesheni masta alikuja mbio. "Bibi, ondoka relini! Treni ya abiria iko nyuma!"

"Ipite."

"Itapitaje na wewe umekaa hapo?"

"Aliyempokea ng'ombe wangu anajua itakavyopita."

Watu walijaa. Wapagazi, wauza karanga, wanafunzi, Bwana Kanji na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ng'ombe wa bibi kagoma!" na kicheko kikaenda mpaka mwisho wa uwanja. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mizani ya mizigo nikiomba nisionekane. Nikasikia sauti ya baba kutoka ndani ya kuni.

"Mama!" Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mama, uko wapi? Njoo hapa."

Nikaenda. Sijui miguu ilitoka wapi. Nikasimama kati ya injini na bibi, mvuke unanipiga mgongoni.

"Mke mwenzangu," bibi alisema bila kuinua macho, "muulize aliye ndani ya kuni. Mnyama anahamishwa. Nani aliniambia?"

Nikauliza.

"Mwambie nimekosa," baba alijibu. "Lakini amri ni ya Mzungu."

Nikasema.

"Kwani Mzungu ndiye aliyempokea kwangu?"

Nikauliza. Kicheko cha watu kilikuwa kimeanza kupungua, kwa sababu Wagogo waliokuwa pale sasa walielewa kinachoulizwa, na walikuwa wengi.

"Mwambie hapana," baba alisema. "Nilimpokea mimi."

"Basi muulize, akifa?"

Sikuhitaji kuuliza. Baba alikuwa ameinuka nyuma ya kuni, ametugeuzia mgongo, na jasho limechora mistari kwenye masizi ya shingo yake.

"Mwambie akifa, ngozi nitaileta mwenyewe."

"Ngozi?" dereva aliuliza. "Ngozi ya nini?"

"Liseme kwa sauti," bibi aliniambia. "Wasikie."

Nikalisema. Mimi ninayesahau jina langu, nilisema mbele ya stesheni nzima ya Dodoma: "Baba anasema akifa, ngozi ataileta mwenyewe!" Sauti yangu ilinishtua. Ilikuwa kubwa.

Bibi alisimama, akajipangusa, akaipiga injini kofi moja la ubavuni kama mnyama anayeanza safari ndefu, akajitenga na reli. Filimbi ikalia. Siku hiyo hakununua chumvi.

Baada ya hapo hakuja tena mjini. Nilipokwenda kwake likizo hakuuliza chochote, na kutouliza kwake kulikuwa kuzito kuliko kuuliza. Mama wadogo na wajomba walinitazama. Neno lile lilitoka kinywani mwangu, na lisipotimia, mwizi ni baba, na mimi ndiye niliyemtangazia dhamana.

Miaka ilipita. Nilikuwa namaliza darasa la nane gadi mmoja wa treni alipomwambia baba kwamba Bi Kongwe imelazwa kwenye uwanja wa vyuma huko pwani, na wakataji wameanza upande wa nyuma. Baba aliomba likizo siku hiyo hiyo. Wenzake walimwuliza nani kafiwa. Bwana Kanji alimkatia kipande cha kitambaa cha marekani, hakutaka malipo.

"Chukua, iko ya kufunga," alisema. "Ngozi haibebwi tupu mbele ya mwenyewe."

Mama alifagia uwanja asubuhi na jioni muda wote baba alipokuwa safarini, mpaka mizizi ya mti wa uani ikatokeza.

Baba alirudi kwa treni ya barua, amebeba mzigo mpana umefungwa marekani, na mkono mmoja umefungwa kitambaa. Hakutueleza alisemaje kwa wakataji. Alisema tu walimwona mwendawazimu, na kwamba mwendawazimu hupewa anachotaka ili aondoke.

Tulikwenda naye nyuma ya kilima cha mawe. Alikaa nyuma ya ghala la nafaka, mgongo kwa nyumba. Mimi na mama tuliubeba mzigo mpaka miguuni pa bibi. Alifungua marekani polepole. Lilikuwa bati nene la ubavu, limekatwa kwa moto, kingo zake zimekunjamana. Hakulitazama kwa macho, maana macho yalikuwa yameanza kumwacha. Alilipapasa. Kutu ilikuwa imekula sehemu kubwa. Vidole vyake vilikwenda, vikarudi, vikakwama. Mistari mitatu, na mmoja wa kuikata.

"Ndiye," alisema.

Bibi akakaa kidogo, kiganja juu ya alama.

"Mke mwenzangu, mwambie mkwe wangu zizi lake ni zuri. Nikipata mtamba mwingine nitamletea."

Kabla sijainuka, sauti ikatoka nyuma ya ghala: "Mwambie nimeshukuru, ila mwingine ampelekee mtu mwingine!"

Bibi alicheka. Baba naye alicheka huko aliko. Ni mara pekee nilipowasikia wanacheka pamoja, na hata hapo hawakuonana.

Siku hizi injini zinazopita Dodoma ni kubwa, ndefu kama nyumba, na madereva wake hawana muda na ndoo za akina mama. Shuleni mchango ukitakiwa, mtoto anadondosha senti kwenye kopo, anasikiliza zikilia, anaondoka. Haulizi zimelala wapi wala zimekunywa nini. Sisemi ni vibaya. Ni haraka tu.

Bati limesimama mlangoni pa zizi la ndama, kwa bibi. Likizo iliyopita nilimpeleka Yohana, nikamwambia aweke mkono penye alama. Aliuweka, akautoa upesi, maana jua la mchana lilikuwa limeliwasha.

"La moto!"

Bibi alikuwa kivulini anapepeta uwele. Hakuinua kichwa. "Basi mpeni maji."

Yohana alinitazama aone kama ni utani. Nikampa kibuyu. Akalimwagia maji toka juu, yakateremka juu ya mistari ile, na kutoka kwenye bati ikapanda harufu ya chai ya kota, ile ile, yenye mama zetu na ndoo zao ndani yake. Nikafumba macho.

Yohana akakunja pua.